Uzi: Yule Mtu Kombo kwenye kitabu cha Connolly ni nani hasa? (spoila zimejaa)

#1 Kurasa Saba
Wakuu salama. Jana usiku nimemaliza The Book of Lost Things cha John Connolly, yule Mwairishi, kimetoka 2006, na usingizi umekata kabisa. Ambaye hajakisoma akimbie sasa hivi maana namwaga yote.

Kwa kifupi. Dogo anaitwa David, miaka 12, yuko London, vita vya pili vya dunia. Mama yake anaumwa muda mrefu halafu anakufa. Hata machozi hayajakauka baba analeta mwanamke mwingine, Rose, anazaliwa mtoto anaitwa Georgie, familia inahamia nyumba ya Rose nje ya mji. Vitabu vya chumbani vinaanza kumnong'oneza David. Usiku mmoja anasikia sauti ya marehemu mama yake inamwita kutoka bustanini, anaingia kwenye ufa wa ukuta huku ndege ya Wajerumani inaporomoka nyuma yake, akija kushtuka yuko nchi ambayo ngano zote tulizozizoea zimeoza. Na huko kuna jamaa mmoja, mimi namwita Mtu Kombo maana kapinda kuanzia mgongo mpaka roho, anataka kitu kimoja tu kwa David. Amtajie jina la mdogo wake. Akitaja anafanywa mfalme.

Sasa swali. Huyu Mtu Kombo ni nani? Mimi nasema ni wivu wa David mwenyewe, hakuna zimwi pale, kuna mtoto anayetamani kichanga kife na anaogopa kujikuta ndani yake kuna tamaa hiyo. Nipingeni.

#2 Msomaji Mvivu
Nimewahi siti ya mbele. Muvi yake ipo?

#3 Chekanao
@Msomaji Mvivu wewe hata jina ulijichagulia vizuri.

#4 Bi Mkasi
Kurasa Saba nakupinga moja kwa moja. Wivu haubishi hodi chumbani kwa mtoto usiku. Angalia huyo mtu anavyofanya kazi, hatua kwa hatua. Anamchagua mtoto ambaye nyumbani hakuna anayemsikiliza. Anamwita kwa sauti ya mtu anayempenda kuliko wote. Akishampata anamtenga, anamtia shaka juu ya Roland, yule askari anayemtetea kwa moyo pale njiani. Mwisho ndo anataja bei. Huo si wivu, huyo ni mtu mzima mbaya na anajua anachokifanya. Waliokutana naye utotoni wanamtambua kabla hata hajafungua mdomo.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watu huisema kama faraja hiyo. Mimi kila nikiisikia najiuliza, kwa hiyo anakula kiasi gani?

#5 Kurasa Saba
Dah, hiyo ya methali imenigusa. Lakini Bi Mkasi, mbona Mtu Kombo hana nguvu mpaka David mwenyewe ataje jina kwa hiari? Mtu mbaya wa kweli haombi ruhusa. Hapo ndo ninaposema ni cha ndani.

#6 Bi Mkasi
Anaomba sana tu. Ndo mtego wenyewe. Anataka uje kuamini ulikubali.

#7 Namba Shufwa
Nyie wote mmepita kurasa za mwanzo mbio mbio. Kabla mama hajafa David ana taratibu zake. Akitoka kitandani mguu wa kushoto ndo unatangulia kugusa sakafu. Anahesabu mpaka ishirini wakati wa kupiga mswaki. Anagusa bomba na vitasa vya milango kwa idadi maalum, namba witiri ni mbaya, namba shufwa ni nzuri, mbili nne na nane ndo bora kabisa, sita haipendi kwa sababu ni tatu mara mbili. Yote hiyo ili mama asife. Halafu mama anakufa. Sasa mtoto wa miaka 12 anabaki na hesabu gani kichwani? Kwamba kuna mahali alikosea. Kitasa kimoja alikigusa mara tatu.

Jina langu humu mnadhani nililiokota wapi. Nilipokuwa na miaka tisa nilikuwa nazima taa ya chumbani, naiwasha, naizima, mara nane, na kama mtu akiniita katikati naanza upya, vidole vinaingia ganzi kwenye swichi na mwenzangu tuliyelala naye chumba kimoja analia anataka giza alale. Nilikuwa namlinda baba asipate ajali barabarani. Hakuna mtu aliyenifundisha. Na baba hakupata ajali, kwa hiyo kichwani mwangu dawa ilifanya kazi, na hapo ndo ubaya ulipo, nilikuja kuacha nimeshakuwa mkubwa na kwa kusaidiwa.

Kwa hiyo mimi nasema Mtu Kombo ni hatia. Wivu ni mdogo kwake. Hatia ya mtoto anayeamini aliua.

#8 Chekanao
Pole mkuu. Ngoja nipunguze uzito kidogo, hivi hakuna aliyecheka pale kwa wale wafupi saba? Snow White kanenepa, anakula kama hana akili nzuri, na wale jamaa wamegeuka wajamaa wanaitana komredi wanalalamikia unyonyaji. Na walishajaribu kumuua wenyewe kwa sumu wakamsingizia yule mama wa kambo malkia. Nilikuwa nasoma kwenye basi, abiria wa pembeni akahamia siti nyingine.

#9 Mama Wawili
Umetaja mama wa kambo, sasa nimeamka. Mimi ni mama wa kambo wa watoto wawili mwaka wa sita huu. Kitabu sijasoma na sijui kama nitasoma, maana nimechoka. Kila hadithi ya kale mchawi ni sisi. Hansel na Gretel ni sisi, Snow White ni sisi, Sinderela ni sisi. Mtoto mdogo wa kwangu aliwahi kuniuliza kwa upole kabisa, "utaniwekea sumu kwenye tunda?" Nilikuwa nimeshika kisu namkatia hilo hilo tunda. Nikalila mimi kwanza mbele yake, kipande kwa kipande, nusu nzima.

Na nyie mnasema Mtu Kombo, Mtu Kombo. Kutoka kombo mpaka kambo ni herufi moja tu, tunajuana.

#10 Chekanao
Kambo na kombo 😂😂 huyu apewe kiti. 

#11 Fasihi Mlangoni
Mama Wawili una haki ya kulalamika kuliko unavyojua. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipotunga hizo hadithi mwaka 1812 waliandika mama mzazi. Snow White anawindwa na mama yake wa damu. Hansel na Gretel wanatupwa msituni na mama yao wa damu. Baadaye toleo la pili 1819 wakaona aibu, wakawageuza wote kuwa mama wa kambo. Yaani nyie mlibebeshwa kesi isiyo yenu.

#12 Mpindua Jalada
Marekebisho mawili matatu kwa Fasihi Mlangoni, kwa heshima. Kwanza hawakutunga, walikusanya, ingawa Wilhelm alikuwa anazipigapiga pasi kila toleo. Na wengi waliowasimulia hawakuwa wakulima wa vijijini kama watu wanavyodhani, walikuwa mabinti wa familia za mjini zenye elimu. Pili, ni kweli Snow White alibadilishiwa mama 1819, lakini Hansel na Gretel walisubiri mpaka toleo la 1840. Matoleo makubwa ni saba, la mwisho 1857. Kuna ambazo hazikubadilishwa, ziliondolewa kabisa, kama ile ya watoto waliocheza mchezo wa kuchinja, ilikuwemo 1812, toleo lililofuata haimo.

Cha kushangaza ni walichokiacha. Mama mzazi mkatili waliona hafai kwa watoto. Ila binti aliyekatwa mikono na baba yake mzazi kwa sababu ya mkataba na shetani, huyo yupo mpaka 1857. Na yule mfalme anayetaka kumuoa binti yake mwenyewe yupo pia, na ni baba wa damu, hakuna aliyemgeuza wa kambo. 

#13 Mama Wawili
Asante @Mpindua Jalada. Kwa hiyo akina baba walisalimika.

#14 Fasihi Mlangoni
Nimekubali hiyo ya 1840, nilichanganya. Ila "walikusanya" na "walitunga" kwa jinsi Wilhelm alivyokuwa anachezea sentensi, mpaka hapo naona tofauti ni ya kisheria tu.

#15 Ndimi Mbili
Hapa ndo pa kumleta yule mwanasaikolojia Bruno Bettelheim na kitabu chake cha 1976 kuhusu ngano. Alisema mtoto hawezi kubeba wazo kwamba mama anayemlisha ndiye anayemfokea, kwa hiyo anampasua vipande viwili, mwema anakufa mapema kwenye hadithi, mbaya anaingia kama mama wa kambo. Kwa hiyo si aibu ya Grimm tu, akili ya mtoto yenyewe inataka hivyo. Ukimsoma David kwa jicho hilo kila kitu kinakaa. Mama mwema kafa kweli, kwa hiyo ubaya wote hauna pa kwenda ila kwa Rose.

#16 Bi Mkasi
Bettelheim huyo huyo ambaye baada ya kufa 1990 watu waliolelewa kwenye shule aliyokuwa anaiongoza Marekani walijitokeza wakasema alikuwa anawapiga? Nampa masikio nusu. Nadharia inayosema zimwi limo kichwani kwa mtoto inawafaa sana mazimwi.

#17 Ndimi Mbili
Duh. Ni kweli walisema hivyo. Ila wazo linaweza kuwa sahihi hata kama aliyelisema alikuwa na mkono mzito.

#18 Bi Mkasi
Linaweza. Nimesema masikio nusu, sijaziba yote.

#19 Mpindua Jalada
Nirudi kwenye swali la mleta uzi maana tunaelekea porini. Mtu Kombo kwa sura na tabia katokana na Rumpelstiltskin, kale kajitu kalikosokota nyasi kuwa dhahabu kwa malipo ya mtoto mchanga. Sasa angalia Connolly alivyoigeuza fulana ndani nje. Kwenye ngano ya zamani mama anamwokoa mtoto kwa kulitaja jina la zimwi. Kwenye riwaya zimwi ndilo linalotaka jina la mtoto, na mtoto anaokoka kwa sababu David anakataa kulitaja, anasema ni mdogo wangu basi. Mwisho wa zimwi nao unafanana. Grimm wa 1812 kajitu kanakimbia tu kwa hasira, matoleo ya baadaye kanajipasua katikati. Mtu Kombo naye anajipasua.

Kwa hiyo mimi sisemi ni wivu wala hatia wala mtu mzima mbaya. Nasema ni hadithi yenyewe. Ni hadithi iliyokaa na njaa miaka mingi, inaishi kwa kula umri wa watoto wanaoingia ndani yake.

#20 Msomaji Mvivu
Hii ya fulana ndani nje imenifanya nitafute kitabu. Nimefika ukurasa wa 11. Mama bado mzima, msinitishe.

#21 Kurasa Saba
@Msomaji Mvivu we si tumekwambia kifo cha mama ni cha kurasa za kwanza kwanza, jikaze.

@Mpindua Jalada nakubali ni nzuri lakini umenikwepa. Hadithi yenye njaa inamlaje mtoto ambaye hana wivu? Jonathan Tulvey, yule mfalme mzee, alimtaja Anna kwa sababu alimwonea wivu, binti wa watu kaletwa nyumbani kwao kulelewa. Bila wivu Mtu Kombo anakufa njaa.

#22 Kinyago
Wote mnasahau vita. Waingereza walipoanza kuwahamisha watoto mijini Septemba 1939, siku chache tu watu kama milioni moja na nusu, wengi watoto wa shule wakiwa na kitambulisho kifuani na boksi la kinyago cha gesi begani, ule mpango wote waliupa jina Operation Pied Piper. Yaani mpiga filimbi wa Hamelin! Yule anayedaiwa mwaka 1284 aliondoka na watoto 130 na hawakurudi. Sijui nani alikaa mezani akaona hilo jina linafaa kuwapa moyo akina mama.

Sasa Connolly anaandika kitabu cha mtoto anayepotea gizani kipindi hicho hicho. David hakupelekwa kwa wageni, alikuwa na baba, ila baba yupo kwenye kazi za siri za vita anarudi amechoka hana neno. Kwa maoni yangu Mtu Kombo ni watu wazima wote wa kipindi kile. Wanamwambia mtoto utakuwa mfalme, wanachukua miaka yake.

#23 Chekanao
Hilo jina la operesheni umelitoa wapi, unatania.

#24 Mpindua Jalada
Hatanii. Lilikuwa hilo.

#25 Jicho Pevu la Usiku
Mimi naona mnachimba sana. Ni hadithi ya maajabu, ile nchi ipo, Mtu Kombo ni Mtu Kombo. Ushahidi: Jonathan na Anna walipotea zamani kabla David hajazaliwa, kwenye nyumba ile ile. Na kitabu cha pili kimetoka 2023, The Land of Lost Things, anaingia mama mtu mzima anaitwa Ceres ambaye binti yake yuko hospitali hajitambui. Kama nchi yote ilikuwa kichwani kwa David, huyo mama kaingiaje kichwani kwa mtu asiyemjua? Wakati mwingine mbwa mwitu ni mbwa mwitu.

#26 Namba Shufwa
Mbwa mwitu wa humo wanavaa suruali na wana kiongozi wao Leroi. Usituambie ni mbwa mwitu tu.

Ila hoja ya Ceres ni ngumu, nakiri. Jibu langu ni kwamba wote walioingia kule kuna mtu wao yuko nusu huku nusu kule. Ufa wa ukuta unafunguka kwa mtu wa namna hiyo.

#27 Jicho Pevu la Usiku
Kwa hiyo ufa upo. Asante, nimeshinda.

#28 Bi Mkasi
Nilikuwa sitaki kuandika hili ila nimezunguka nalo tangu jana. Kurasa Saba aliuliza mbona Mtu Kombo anaomba jina.

Utotoni kulikuwa na mtu mzima alikuwa anakuja nyumbani, rafiki wa familia, sisemi zaidi. Alikuwa anakaa na mimi barazani ananimenyea pipi, ile karatasi yake anaikunja taratibu mpaka inakuwa kamraba kadogo, anakapanga juu ya goti. Halafu anauliza, nani kavunja kile, nani kachukua kile. Hakuwahi kufoka. Anasema wewe ndo mkweli wa nyumba hii, wewe ndo mkubwa. Siku moja nikamtaja mdogo wangu. Sikuwa na hakika kama ni yeye. Alipigwa, si na huyo mtu, na wazazi, mtu yule alikaa pale pale na kamraba kake juu ya goti anaangalia. Na mimi nilikuwa na pipi mdomoni. Sijui kama niliimeza au niliitema, hapo pamefutika.

Sasa nilipofika pale Anna amefungiwa ndani ya chupa chini ya ardhi, mwanga wake umefifia, na kaka yake juu ni mfalme, nilifunga kitabu siku nne. Mdogo wangu ni mtu mzima sasa, ana familia yake, hatujawahi kulizungumza. Nikimuita kwa jina, hata kwenye simu, kuna kitu kinakwama hapa.

#29 Namba Shufwa
Tupo Bi Mkasi.

#30 Kurasa Saba
Pole sana dada yangu. Mimi ya wivu bado ninayo mkononi lakini siipigi tena kifua.

Kwani ulikuwa unamwonea wivu? Kama swali baya liache.

#31 Bi Mkasi
Sio baya. Kidogo, ndiyo. Alikuwa anapendwa. Ndo maana nimekupinga kwa ukali vile, nadhani.

#32 Ndimi Mbili
Basi hapo wivu na mtu mzima mbaya viko pamoja barazani, na hatia imekaa katikati yao. Sijui tutawatenganishaje.

#33 Fasihi Mlangoni
Nimekumbuka kitu. Jacob Grimm alifiwa na baba 1796 akiwa na miaka 11, ndiye mkubwa wa wadogo wote waliobaki, Wilhelm alikuwa na miaka 9. Sina nadharia yoyote, naliweka tu hapa.

#34 Mpindua Jalada
Na mama yao 1808. Miaka minne kabla ya kitabu ambacho mama anamwinda mwanawe. Ila tusianze, tutalala humu.

#35 Msomaji Mvivu
Mama kafa. Ukurasa wa 11 nilikuwa na amani. Hivi ile bustani iliyozama ndo yenye ufa? Nimeogopa kuisoma usiku.

#36 Chekanao
Soma mchana, usiku washa taa mara nane. Samahani @Namba Shufwa, imenitoka.

#37 Namba Shufwa
Nimecheka, umesamehewa. Ila akianza kuhesabu anijulishe.

#38 Mama Wawili
Nimerudi. Mliniudhi nikakinunua. Nimekiruka nikaenda mwisho, mtanisamehe, nilitaka kuona Rose wanamfanya nini. Nilijiandaa kwa viatu vya moto kama vya yule malkia wa Snow White.

Mtoto anafungua macho hospitali na aliyeko pale pembeni ya kitanda ni Rose. Amechoka, nywele chafu. David anamwomba msamaha. Nimesoma hapo mara tatu, ile sehemu ya nywele chafu. Nilikaa hospitali hivyo na huyu mdogo wa tunda, siku tano, na ndugu zake walipokuja kumtazama walinipita kama mwavuli uliosahauliwa mlangoni.

Sasa naanza mwanzo. Mtu Kombo mtaniambia ni nani nikimkuta, hadi sasa mmeshanipa watu sita.

#39 Jicho Pevu la Usiku
Wa sita ndiye sahihi.

#40 Mpindua Jalada
Mama Wawili hukumaliza mwisho, baada ya hospitali kuna kurasa nyingine. David anazeeka, anapoteza mke na mtoto, halafu anarudi kule. Umeishia pazuri.

#41 Mama Wawili
Wewe bwana si ungeniacha.

#42 Kurasa Saba
😂 Uzi una spoila, tuliandika juu. @Msomaji Mvivu uko wapi, ukurasa wa ngapi?

#43 Msomaji Mvivu
34. Vitabu vimeanza kunong'ona. Nimekitoa chumbani, kimelala sebuleni.